Kikoba cha akina mama wa WAWATA: namna ya kukianzisha parokiani, na mfuko wa elimu usioliwa

Tumsifu Yesu Kristo.

Kila ikifika Januari simu yangu haipoi. Mwenyekiti wa kigango fulani, katibu wa parokia jirani, mama niliyekaa naye siti moja kwenye basi la kwenda kongamano, wote wanauliza yale yale kuhusu kikoba, yaani kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana. Lazima paroko akubali? Hisa iwe shilingi ngapi? Hela ikae benki au kwenye sanduku? Na akitokea mtu akaila? Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika. Mimi si mwanasheria wala mhasibu. Nimekaa kwenye meza ya kikoba cha akina mama parokiani kwa mizunguko saba, na mzunguko wa kwanza tulilia. Kilio hicho nitakieleza kwenye hatua ya nne.

Kabla ya yote shika jambo moja. WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, huianzishi wewe. Ipo tangu 1972, mwaka 2022 ilitimiza miaka 50, ina katiba yake na ngazi zake kuanzia jumuiya hadi taifa, na juu ya hapo kuna umoja wa wanawake Wakatoliki duniani ulioanza 1910. Kikoba ni mtoto anayezaliwa ndani ya nyumba hiyo. Kina katiba yake, daftari lake na hela yake. Ukivichanganya, siku hela ikipotea na utume unapotea nao.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Akina mama 15 hadi 30 wanaofahamiana, ikiwezekana wa jumuiya zinazopakana. Sheria inaruhusu kuanzia 10 hadi 50, lakini mkizidi 30, kuhesabu hela kutawafikisha magharibi na waume wataanza kupiga simu.
- Baraka ya paroko na mlezi wenu.
- Sanduku la chuma lenye sehemu tatu za kufuli, na makufuli matatu yasiyofunguana. Yajaribuni dukani. Makufuli ya bei rahisi ufunguo mmoja unaweza kufungua yote matatu.
- Kitabu cha hisa kwa kila mwanachama, leja moja kubwa, muhuri mdogo na kidau cha wino.
- Kikokotoo, mabakuli mawili ya plastiki ya rangi tofauti, na mifuko mitatu ya kitambaa yenye kamba.
- Mahali pa kukutania pasipo na wapita njia. Chini ya mwembe mbele ya kanisa ni pazuri kwa sala, kwa kuhesabu hela hapafai.

Na anzeni mwishoni mwa Januari au Februari mwanzoni, ili mzunguko ufungwe kabla ya Noeli.

Hatua ya 1: Paroko kwanza, halafu halmashauri zote mbili

Nendeni watu watatu, msiende kundi. Mwambieni Baba Paroko kwa ufupi kwamba hamuombi hela ya parokia, hamtapitisha bahasha kwenye ibada, na mnaomba chumba siku moja kwa wiki na baraka yake. Maparoko wengi wameshaona vikundi vikivunjika na kuacha uhasama kwenye jumuiya, kwa hiyo atawauliza maswali magumu. Jibuni kwa kumwonyesha rasimu ya katiba.

Kosa la kawaida hapa ni kuweka hela ya kikundi kwenye akaunti ya parokia "kwa usalama". Msifanye hivyo. Paroko huhamishwa. Anayekuja anakuta fedha isiyo na maelezo, na ninyi mnabaki kuthibitisha kwa mdomo. La pili ni kumfanya Sista mlezi kuwa mtia saini. Mlezi alee. Akiingia kwenye hela, siku ya mgogoro hamtakuwa na mtu wa kuwapatanisha.

Halmashauri ni mbili, na watu huzichanganya kweli. Halmashauri ya Walei ni ya parokia, mnaipa taarifa tu. Halmashauri ya wilaya, manispaa au jiji ndiyo inayosajili. Nimeshuhudia barua ya maombi ya usajili ikisomwa kwenye kikao cha walei, wazee wakaijadili nusu saa nzima.

Hatua ya 2: Mchaguane kwa tabia

Kila mama ajiulize: huyu nikimkopesha laki moja kwa mkono wangu nitalala? Kama hapana, asiingie kikundini kwa sababu tu ni mama wa kwaya.

Waulizeni wote, bila aibu, nani ana deni la kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Si kwa kumfukuza. Mama mwenye marejesho ya kila siku mlangoni kwake atachukua mkopo wenu wa kwanza akalipe kule, na mkijua mapema mtapanga naye. Mkijua mkiwa mmechelewa, atakuwa ameingia mitini.

Mama asiye na ndoa ya kanisa? Swali hili huulizwa kwa kunong'ona. Uanachama wa WAWATA una taratibu zake, lakini kikoba hakiulizi cheti cha ndoa. Mara nyingi huyo ndiye anayelea watoto peke yake, na ndiye anayerejesha kwa wakati.

Mama mkwe na mkamwana kwenye kikundi kimoja, hapo fikirini mara mbili. Mkamwana akichelewesha marejesho, kesi haiishii kikundini.

Hatua ya 3: Katiba ya kurasa mbili

Msinakili katiba ya kikundi kingine yenye kurasa ishirini ambayo hakuna aliyeisoma. Andikeni mambo machache kwa Kiswahili cha nyumbani: bei ya hisa, idadi ya juu ya hisa kwa kikao, riba, ukomo wa mkopo, faini, mfuko wa jamii, mfuko wa elimu, mwanachama akifariki, akitaka kutoka, na tarehe ya mgao, yaani siku ya kugawana akiba na faida.

Bei ya hisa ndiyo inayoamua nani abaki na nani atoke. Utaratibu uliozoeleka ni mwanachama kununua hisa moja hadi tano kila kikao. Bei isitajwe na mama mwenye duka la jumla. Muulizeni anayeuza mboga za majani: wiki mbaya kabisa ya mwaka, ile ya kabla ya mavuno, unaweza kuweka ngapi? Akisema 2,000, hisa iwe 2,000. Mwenye uwezo atanunua tano, mwingine moja, wote wamekaa benchi moja. Sisi tulipiga kura ya siri kwa punje: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, kila mtu anatumbukiza ndani ya mtungi akiwa amegeuka. Hata asiyejua kusoma anapiga kura yake bila msaidizi.

Kuhusu riba, lazima mama mmoja atauliza kama si dhambi. Ni swali zuri, mpeni mlezi nafasi ya kulijibu. Kwa upande wa hesabu, riba hii haiendi kwa tajiri fulani mjini, inarudi kwenu wenyewe siku ya mgao. Lakini ihesabuni juu ya salio. Mama amekopa 300,000 kwa miezi mitatu, riba 5% kwa mwezi, anarejesha 100,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 15,000, wa pili 10,000, wa tatu 5,000. Jumla 30,000. Mkimtoza 15,000 miezi yote mitatu inakuwa 45,000, yaani mmemtoza riba ya hela ambayo ameshairudisha. Vikundi vingi vinafanya hivyo bila kujua, na kausha damu wanafanya hivyo wakijua.

Hatua ya 4: Viongozi, na funguo

Chagueni mwenyekiti, katibu, mweka hazina anayetunza sanduku, na wahesabu wawili. Halafu, nje ya hao watano, chagueni watunza funguo watatu, kila mmoja ufunguo wake. Mwenye sanduku hana ufunguo, mwenye ufunguo hana sanduku. Watunza funguo wasiwe ndugu, na wasikae nyumba moja.

Sasa kile kilio. Mzunguko wa kwanza tulimpa mama mmoja sanduku na funguo zote. Mcha Mungu, hakosi misa ya asubuhi, nani angemshuku? Katikati ya Kwaresima mwanawe alilazwa usiku. Akafungua sanduku, akachukua 180,000 ili airudishe Jumamosi. Jumamosi haikuwepo. Akaogopa kusema, akasingizia homa, vikao viwili akakosa. Tulipofungua kwa nguvu, kila mtu akawa na la kusema. Hela ilirudi baada ya miezi minane. Yeye hakurudi, si kikundini wala kwenye jumuiya yake. Na kosa lilikuwa letu. Tulimpa mzigo wa majaribu ambao makufuli mawili ya ziada yangembebea.

Mwenyekiti wa WAWATA parokia asiwe mwenyekiti wa kikoba. Ana mikutano ya dekania na jimbo tayari, na mkimpa yote, wengine hawajifunzi kitu.

Maana uongozi unajifunzwa hapa kuliko kwenye semina. Kila kiongozi awe na msaidizi, na mara moja kila miezi mitatu msaidizi aendeshe kikao kizima huku mwenye cheo amekaa kimya nyuma. Kukaa kimya ndiko kugumu. Tulikuwa na mama ambaye kwenye jumuiya hakuwahi hata kutoa tangazo. Tukamfanya mhesabu, kazi yake ikawa kutaja tarakimu kwa sauti. Mwanzoni sauti ilikuwa haifiki benchi la pili. Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, alichukua fomu, akapanda jukwaani, na leo ni mjumbe. Alituambia alizoea kutaja namba mbele ya watu wenye hela zao, wapiga kura hawakumtisha.

Hatua ya 5: Sajilini

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni zake za 2019, kikundi kinachoweka na kukopeshana kinatakiwa kusajiliwa. Vikoba viko daraja la nne, na halmashauri husajili kwa niaba ya Benki Kuu. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye saini, na orodha ya wanachama. Yeye atawaeleza fomu na mfumo unaotumika kwenu.

Msijisajili kwa jina la WAWATA wala la parokia. Tafuteni jina lenu.

Usajili ndio unaofungua mlango wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Lakini kikundi kilichoanzishwa kwa ajili ya mkopo huo hufa siku mkopo unapochelewa, na ulishachelewa: ulisitishwa Aprili 2023 ukarejea 2024. Vikundi vilivyokuwa na hisa zake vilivuka mwaka huo bila kutetereka.

Hatua ya 6: Endesheni kikao kwa mpangilio ule ule kila wiki

Hapa sitaki ubunifu. Mpangilio ukiwa ule ule, udanganyifu unaonekana haraka kama meno yaliyong'oka.

Kaeni nusu duara, kila mtu na namba yake, nafasi zisibadilike. Sala. Mahudhurio na faini za waliochelewa. Watunza funguo wanakuja mbele, wanafungua mbele ya wote. Wahesabu wanatoa mfuko wa hisa, wanahesabu kwenye bakuli moja, kiasi kinalinganishwa na kile cha kikao kilichopita. Kama hakilingani hata kwa mia tano, kikao kinasimama mpaka ijulikane.

Ndipo zinakuja hisa. Anaitwa namba moja. Anasogea, anatamka: "Hisa tatu." Anaweka 6,000 kwenye bakuli la pili. Mhesabu anarudia: "Hisa tatu, elfu sita." Katibu anafungua kitabu chake, anagonga mihuri mitatu, nafasi mbili zilizobaki anazipiga mstari ili asije mtu akaongeza muhuri nyumbani. Namba moja anatazama kitabu kabla ya kuketi. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri kwa kidole. Inakwenda hivyo mpaka namba ya mwisho, na kwa watu 25 waliozoea inachukua kama dakika arobaini.

Baada ya hapo mfuko wa jamii, wa misiba na ugonjwa, halafu mfuko wa elimu, kila mmoja na mfuko wake wa kitambaa. Marejesho. Mikopo mipya. Mwisho wahesabu wanahesabu tena kila kitu, na mwenyekiti anauliza: "Sanduku linalala na shilingi ngapi?" Wote wanajibu kwa pamoja, mara mbili. Kikao kijacho anamuuliza mama mmoja yeyote ghafla. Leja inaweza kuungua, kunyeshewa au kufutwa. Vichwa 25 ni vigumu kuvifuta. Hata hivyo leja iandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Angalizo: vitabu vya hisa vilale ndani ya sanduku, visiende nyumbani. Na hela isipokelewe nje ya kikao. Ile ya "nipokelee, nitapita kwako kesho" ndiyo mbegu ya magomvi yote.

Hatua ya 7: Mikopo

Msikopeshe vikao vinane vya mwanzo. Acheni sanduku linenepe na watu wazoee. Baada ya hapo ukomo uliozoeleka ni mara tatu ya hisa zako, na wadhamini wawili ambao wenyewe hawana deni lililochelewa.

Mwombaji asimame aseme anaenda kufanya nini, na wenzake wamuulize. Mama akisema "biashara", aulizwe biashara gani, unanunua wapi, gunia linatoa debe ngapi, unauza kwa bei gani, linaisha siku ngapi. Si kumdhalilisha. Mara nyingi mwombaji mwenyewe hugundua hapo hapo, akiwa amesimama, kwamba baada ya nauli na ushuru habakiwi na kitu, akapunguza mkopo kabla hajaumia. Dakika kumi hizo ni darasa la biashara kuliko lile la kuletewa mtaalamu kutoka mjini.

Msipokee dhamana ya kiwanja cha mume bila mume kujua. Na msimkopeshe mama mkopo ambao mnajua fika unaenda mfukoni kwa mtu mwingine. Muulizeni polepole, pembeni, na Sista akiwepo.

Hatua ya 8: Mfuko wa elimu

Hapa ndipo vikoba vingi vinaposhindwa, na sababu ni kalenda tu. Mgao unafanyika Desemba mwanzoni, Noeli inakuja, wageni wanakuja, na Januari shule zinafunguliwa mfuko mtupu. Mama aliyeshika laki tatu Desemba 10 anakopa sare Januari 8. Nimeliona mwaka hadi mwaka, na nimelifanya mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mfuko wa elimu usiwe sehemu ya hisa. Kila mama atoe kiasi kilekile, kidogo, kila kikao. Kwa wanawake 25, shilingi 500 kwa wiki 44 ni 550,000. Masharti ni haya: haukopeshwi, haugawanywi, haufidii hasara ya mfuko mwingine, na hautolewi mkononi. Katibu na mama mwingine wanakwenda kwa fundi wa sare au ofisi ya shule, wanalipa, wanarudi na risiti.

Mfuko huu ulipie nini? Ada shule za serikali imeondolewa, kuanzia msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Kinachomrudisha binti nyumbani ni vile vilivyobaki: viatu, sare, madaftari, nauli, michango, chakula, godoro la hosteli, taulo za kike. Ni vitu vidogo vidogo, na kwa sababu ni vidogo hakuna mfadhili anayevilipia.

Msiwasahau wengine wawili. Wa kwanza ni binti aliyezaa akiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 Wizara ya Elimu imeruhusu arudi shuleni. Wengi wanaobaki nyumbani wamebakizwa na aibu na kukosa mtu wa kushika mtoto, na hilo la pili akina mama mnaliweza bila hela. Wa pili ni mama mwenyewe. Aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma kwenye vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, na akifaulu akajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa mitihani hufungwa mapema mwaka ule ule wa mtihani, kwa hiyo ulizieni Januari, msingoje Agosti. Asiyetaka vitabu aulizie kozi fupi za ufundi za VETA. Kikundini kwetu mama wa miaka 41 alifanya Mtihani wa Maarifa mwaka mmoja na binti yake wa kwanza akiwa kidato cha pili. Waligombania taa.

Waamuzi wawe watatu, wabadilike kila mwaka, na mwaka wa kwanza mtoto wa kiongozi yeyote asinufaike, hata kama anastahili. Ni ukatili kidogo, najua. Lakini mfuko ukinuka upendeleo mara moja, mwaka wa pili hakuna atakayetoa hata mia.

Na onyo kubwa kuliko yote kwenye hatua hii: jina la binti lisitangazwe kanisani. Tulikosea. Baada ya misa tukasimama kwa furaha, tukataja kwamba tumemnunulia fulani viatu na sare, watu wakapiga makofi na vigelegele. Jumatatu hakwenda shule. Mama yake akatuambia wenzake walikuwa wanamwita "mtoto wa WAWATA". Siku hizi sare inapelekwa jioni kwenye mfuko mweusi, na kwenye taarifa tunaandika "binti mmoja, kidato cha pili".

Hatua ya 9: Mgao

Mikopo yote irejeshwe wiki mbili kabla. Kisha hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme hisa zote za mwaka ni 3,000 kwa bei ya 2,000, yaani 6,000,000. Riba na faini zimeleta 1,050,000. Jumla 7,050,000, gawanya kwa 3,000, kila hisa imekuwa 2,350. Mama mwenye hisa 120 aliweka 240,000, anachukua 282,000. Mwenye hisa 50 anachukua 117,500. Andikeni kwa chaki ubaoni, kila mtu apige hesabu yake kabla ya kuguswa noti.

Siku ya mgao msiitangaze, hata kwa watoto. Kutaneni saa nne asubuhi, saa saba kila mtu awe ameshafika kwake.

Mambo yakikwama

*Mtu harejeshi.* Wadhamini waende kwake kabla ya kikao kijacho, bila kundi na bila kelele. Ukimkuta ana shida ya kweli, ongezeni muda, riba isimame. Ikiwa ni ukaidi, hisa zake zifidie kwanza, wadhamini wafuate. Msichukue sufuria wala godoro la mtu. Mkifanya hivyo mmekuwa kausha damu wenye rozari.

*Sanduku limejaa na mnaogopa wezi.* Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, au tumieni huduma ya vikundi kwa simu kama M-Koba, ambayo fedha haitoki bila wengine kuidhinisha. Sandukuni ibaki ya mikopo ya wiki hiyo tu.

*Mahudhurio yanashuka.* Tazameni kalenda kabla ya kulaumu imani. Msimu wa kupanda na kuvuna kutaneni kila wiki mbili. Ikiwa si msimu, basi kuna mtu amechukua mkopo kwa upendeleo na watu wameona.

*Mume anakataza.* Mwalikeni siku moja akae nyuma aone kikao kinavyokwenda. Wengi huondoka wakiuliza kama wanaume wanaruhusiwa. Jibu letu ni hapana. UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, waanzishe chao, tutawakopesha mhesabu.

*Mwanachama anataka kutoka katikati.* Anarudishiwa alichoweka bila faida, baada ya kulipa deni, na ndani ya muda ulioandikwa kwenye katiba. Kama hamkuandika, andikeni leo kabla hajatokea.

*Parokia inaomba kukopa kwa ajili ya ujenzi.* Itatokea, na atakayekuja kuomba mtakuwa mnamheshimu sana. Mchango kwa kanisa kila mama atoe kutoka kwake, baada ya mgao. Sanduku si la kukopesha asiye mwanachama. Mwenyekiti atoe jibu hilo kwa upole, akishindwa mwambieni asome kifungu kwa sauti.

*Mmekua, mnazidi 50.* Gawanyikeni vikundi viwili, kila kimoja na sanduku lake. Kama mnataka kubaki pamoja na kukopeshana fedha kubwa, hapo mnaelekea SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ambayo leseni yake iko Tume ya Maendeleo ya Ushirika na inahitaji mhasibu wa kweli. Sisi tuligawanyika. Jumamosi moja wanahesabu wenzetu ukumbini, Jumamosi inayofuata sisi, na ufunguo mmoja wa kila sanduku unalala kwa mama wa kikundi kile kingine.